Ua Jekundu Kwenye Simu ya Mume Wangu

Video ya kwanza niliipiga mimi. Wanaomfuata mume wangu mtandaoni hawalijui hilo, kwa sababu anayeshika simu haonekani.

Ilikuwa mchana wa masika. Barabara mbele ya duka letu la dawa hapa Ifakara ilikuwa tope tupu na wateja walikuwa wachache. Wa mwisho alikuwa mzee kutoka Idete aliyetaka auziwe vidonge vichache vya "rangi mbili", dawa ile ya kuua bakteria ambayo watu wa huku huiita kwa rangi za ganda lake. Alitaka vya kikohozi. Mume wangu akamweleza kwa adabu kwamba dawa ile haikatwi kama sabuni, kwamba aende kwanza akapimwe, na akiandikiwa aimalize yote. Mzee akakasirika, akasema duka la jirani watampa, akaondoka na mwavuli wake. Mume wangu akabaki nyuma ya kaunta anaendelea kubishana na mlango.

"Hebu yaseme hayo hayo nikurekodi," nikamwambia. Nilikuwa namtania.

Akanyoosha koti lake jeupe, akayasema. Aliyasema vizuri, polepole, kama anazungumza na mama yake mzazi. Mwishoni akaongeza jambo ambalo mpaka leo hulisema kwenye kila video: "Mimi ni mfamasia, si daktari. Ukiumwa, nenda kituo cha afya." Tukaiweka kwenye ukurasa tuliokuwa tumeufungua kwa ajili ya kutangaza saa za duka. Jioni tulipofunga, watu waliokuwa wameitazama walikuwa wengi kuliko wateja tuliowahi kuwahudumia.

Nilifurahi. Nisije nikaonekana nilinuna tangu siku ile. Nilifurahi kama mke, na kama mtu mwenye nusu ya duka.

Lakini ngoja nieleze tulivyo. Sote wawili ni wafamasia. Tulisoma chuo kimoja, darasa moja, tukashirikiana meza moja ya maabara, na vyeti vyetu vimetundikwa ukutani dukani, cha kwangu kando ya cha kwake. Tulipooana tulikubaliana kurudi bonde la Kilombero, kwetu, kwa sababu wenzetu wengi walikimbilia mijini na huku watu walikuwa wanauziwa dawa na yeyote mwenye kaunta. Kazi tuligawana sawa. Ila baada ya zile video, mimi nikawa "yule dada wa dukani."

Wateja walianza kuja kutoka mbali. Walikuja wanawake kutoka kwenye mashamba ya miwa ya kiwanda cha sukari cha Kilombero, wengine wenyeji wa mikoa ambayo sijawahi kufika, wakiwa wameshuka kwenye basi wamevaa vizuri kama wanakwenda harusini. Wakiingia wanaangaza macho juu ya kichwa changu.

"Shikamoo," anasema mmoja, mdogo kwangu. "Daktari wa kwenye simu yupo?"

"Marahaba. Ametoka kidogo. Nikusaidie nini?"

"Hapana, namsubiri."

Anakaa kwenye benchi. Ananiona nikipanga dawa, nikisoma cheti cha dawa alichoandikiwa mgonjwa mwingine, nikimpigia daktari aliyekiandika kwa sababu kipimo hakikuniingia akilini. Yote hayo anayaona na bado anamsubiri mwenye sauti. Mume wangu akiingia, yule dada ananyanyuka kama kaingia paroko. Na swali analokuja kumwuliza ni lile lile ambalo ningelijibu nikiwa nimefumba macho.

Nyumbani nikawa nasoma komenti. Nilikuwa nazisoma nikichambua mchele, nikisubiri maji yachemke. "Daktari, sauti yako tu inaponya." "Mwenye mume kama huyu haumwi." "Daktari, umeoa?" Swali hili liliulizwa mara nyingi sana, na chini yake makopa mekundu yamejipanga kama shanga. Mume wangu hakujibu hata moja ya hizo. Alijibu maswali ya dawa tu, na hata hayo kwa tahadhari. Mtu akitaja umri wa mtoto na kuomba kipimo cha dawa pale hadharani, alimwandikia: "Hapa sikuoni wala simwoni mtoto. Mpeleke kituoni leo." Hakupiga picha ya mteja yeyote. Siku moja sauti ya mama mmoja akitaja ugonjwa wake ilisikika kwa mbali kwenye video, na ingawa ilikuwa imeshapendwa na watu wengi, aliifuta. Akaja mfanyabiashara na makopo ya unga wa kupunguza tumbo, akataka mume wangu aushike tu mkononi na kutabasamu. Mume wangu akasoma maandishi ya kopo mbele na nyuma, akamrudishia.

Ungedhani mambo hayo yalinituliza. Yalinichoma zaidi. Kama angekuwa mjinga wa mitandao, mpenda sifa, ningekuwa na pa kumshikia. Lakini alikuwa mwema mbele ya watu wote, na wanawake wa bonde zima waliona ule wema kama walivyoona meno yake. Mimi nilikuwa nimezoea kuuona peke yangu.

"Uwajibu basi kwamba umeoa," nikamwambia siku moja asubuhi.

"Ukurasa ni wa dawa, mama. Nikianza kujibu ya ndoa, kesho wataniuliza tumekula nini."

"Mtu akiuliza kama umeoa ukanyamaza, atadhani hujaoa."

"Adhani." Akacheka, akachukua funguo za duka.

Ndipo likaja ua.

Lilikuwa picha ya akaunti, ua jekundu lililopigwa kwa karibu, bila sura ya mtu wala jina la maana. Nililiona kwa bahati tu. Tulikuwa tunakunywa chai, simu yake iko mezani kati ya sukari na chapati, ikawaka. Ua, na chini yake maneno machache: "Nimeamka salama leo. Asante kwa jana."

Mume wangu akaichukua simu, akaisoma, akaigeuza kifudifudi. Kisha akaendelea kupaka siagi.

Asante kwa jana. Jana alikuwa amechelewa kurudi kula mchana. Alisema foleni ya kupokea mzigo wa dawa stendi ilikuwa ndefu. Nikaanza kuihesabu jana kwa vipande: alitoka saa ngapi, alivaa shati gani, alirudi ananukia nini.

Kuanzia siku hiyo nikawa naisubiri asubuhi. Si kila siku, lakini mara kwa mara simu iliwaka mapema, na mume wangu aliichukua kwa namna ambayo hakuwa akichukulia ujumbe mwingine. Alikuwa anainuka nayo. Anasimama dirishani, anaandika, anafuta, anaandika tena. Mtu ambaye mimi humwandikia "ulete mafuta ya kupikia" ananijibu "sawa." Huyo mwenye ua alikuwa akipata aya nzima.

Nikavumilia mpaka nikashindwa. Ilikuwa mchana dukani, hakuna mteja, tunakula wali na kambale kwenye kile chumba cha nyuma tunakoweka maboksi.

"Ua jekundu ni nani?"

Akaacha kutafuna. "Ni mgonjwa."

"Wagonjwa wote wana sura. Huyu ana ua."

"Ndiyo maana ana ua. Hataki ajulikane."

"Nionyeshe anachokuandikia."

"Siwezi."

Aliisema bila kupandisha sauti, na hilo likaniudhi kuliko angepiga meza.

"Mimi pia ni mfamasia," nikamwambia. "Kiapo ulichoapa na mimi nimeapa. Mgonjwa wa duka hili ni mgonjwa wangu."

"Huyu hakuliandikia duka. Aliniandikia mimi, kwenye akaunti yangu binafsi, akaniomba isitoke."

"Hata kwangu?"

"Hata kwako."

"Anakushukuru kwa jana. Jana mlifanya nini?"

"Mama, ungekuwa wewe unaandikiwa na mwanaume usiku na mchana kuhusu ugonjwa wake wa siri, ungenipa simu nisome?"

Jibu lilikuwa hapana. Nililijua na yeye alijua kwamba nalijua. Tuliwahi kufundishwa jambo hilo katika chumba kimoja, siku moja, na nakumbuka mwalimu alituuliza: na mwenzi wako wa ndoa je? Darasa likacheka. Mimi ndiye niliyenyoosha mkono na kujibu kwamba siri ya mgonjwa haina mke wala mume. Nikapongezwa. Sasa nilikuwa nimekaa juu ya boksi la dripu na jibu langu lilikuwa limekaa upande wa mume wangu.

"Basi acha kuwajibu wanawake inboksi," nikasema. "Wote."

"Wenye maswali ya siri wengi ni wanawake. Nikiwafukuza, watakwenda kuuliza kwa mwenye unga wa tumbo."

Wali ukapoa. Akaingia mteja, nikatoka mimi kumhudumia, na nilipomaliza nikakuta ameosha sahani zote mbili. Hata hilo nililiona kama dalili.

Juma lililofuata, mama anayeuza chai jirani na duka letu akaniita pembeni. Ni mtu mzima anayeniheshimu, na alianza kwa kuzunguka. Aliniuliza habari za mama yangu, habari za mpunga, kisha akasema alikuwa amempeleka mjukuu wake hospitali na amemwona mume wangu amesimama karibu na geti na mwanamke.

"Mwanamke gani?"

"Sikumtambua. Alikuwa amejitanda khanga mpaka machoni. Mumeo alimshikia mwavuli."

Ule mwavuli ndio ulionimaliza. Sijui kwa nini. Ningeweza kustahimili mkono, pengine, mkono hushikwa kwa dharura. Lakini kumshikia mtu mwavuli, unainama kidogo, unajiloanisha bega lako. Nilimwona akiwa amelowa bega lile lile aliporudi, na mimi ndiye niliyeanika shati.

Nina mdogo wangu mmoja wa kike. Ameolewa Mofu, na mumewe ni mkulima wa mpunga anayevua pia maji yakijaa. Tangu utoto ndiye niliyekuwa nikimwambia mambo yangu, hata ya aibu. Basi nilimpigia yeye. Nilikaa nyuma ya nyumba kwenye ngazi ya jiko, nikamwaga kila kitu: komenti, makopa, chai, ua, mwavuli. Nilisema maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa kuhusu yule mwanamke. Yeye alikuwa kimya, na nikadhani mtandao umekatika.

"Upo?"

"Nipo, dada."

"Neno la siri la ukurasa ninalo. Mimi ndiye niliyeufungua. Nimeshaandika, sikiliza nikusomee." Nikamsomea. Nilikuwa nimeandika kwa lugha safi kabisa, maana nilijua watu wengi wataisoma: *Kwa wewe mwenye picha ya ua jekundu unayemwandikia mfamasia wetu asubuhi na mapema, fahamu kwamba ana mke, na mke anakufahamu. Ukiendelea, nitaweka hapa kila ulichoandika, na bonde zima litakujua.*

"Lakini humfahamu," akasema mdogo wangu. Sauti yake ilikuwa nyembamba.

"Yeye hajui kwamba simfahamu. Ataogopa. Na nikitaka simu yake nitaipata, kila siku anaoga."

"Dada, usiiweke."

"Kwa nini nisiiweke?"

"Nakuomba. Usiiweke leo. Kesho nakuja."

Nilidhani anakuja kunifariji. Nilifurahi hata, nikatafuta mchele mzuri.

Alifika kabla ya adhuhuri kwa pikipiki, amelowa tope mpaka magotini, na furushi la samaki wabichi waliofungwa kwenye majani. Siku hiyo sikwenda dukani, nilisema naumwa kichwa. Aliniamkia, akaweka samaki jikoni, akaosha miguu, akaniuliza kama nimekula. Kisha akaketi kwenye mkeka na kuvuta khanga yake mabegani, na mimi nikaitazama ile khanga.

"Ua lile ni mimi," akasema.

Sikuelewa mara moja. Nilifikiri jambo baya kuliko yote yanayoweza kufikiriwa, na nadhani lilionekana usoni, maana alipandisha sauti.

"Naumwa, dada! Naumwa. Ile hali imerudi."

Ile hali. Alipokuwa mdogo alikuwa akianguka. Nyumbani kwetu Idete hawakuiita kifafa, mama alikataza jina hilo lisitajwe. Waliita "ile hali." Mama alikuwa amemtengea sahani yake na kikombe chake, kwa sababu watu walisema mate ya mtu anayeanguka huambukiza, na akianguka watu walirudi nyuma wote mpaka amalize. Alipelekwa kwa mganga mlimani, akafukizwa majani mpaka macho yakavimba. Baadaye hali ikakoma yenyewe alipokuwa msichana mkubwa, na sote tukafanya kana kwamba haikuwahi kuwepo. Ndiyo maana aliolewa.

"Imerudi lini?"

"Msimu uliopita. Nilianguka shambani, karibu na dungu tunalolalia wakati wa kulinda ndege. Nilikuwa peke yangu. Nikaenda zahanati ya mbali ambako hawanijui, wakanipa rufaa, nikapata dawa. Kisha nikamwona shemeji kwenye simu. Alikuwa anasema kifafa hakiambukizi, ukimwona mtu ameanguka umlaze ubavu, usimkimbie. Nikalia, dada. Nikaiangalia tena na tena. Nikafungua ile akaunti."

"Ulimwambia ni wewe?"

"Siku ya kwanza hapana. Siku ya pili nilimwambia. Nilimwambia akikuambia wewe siandiki tena na dawa naacha."

Ile "jana" ya kushukuriwa, akanieleza, ni siku aliyotaka kuacha vidonge ghafla kwa sababu alitamani kupata mtoto, na mtu alimwambia dawa za kifafa huharibu mimba. Mume wangu alimpigia simu, akamweleza kwamba dawa nyingine kweli zina hatari kwa mtoto tumboni, lakini kuziacha ghafla kunaweza kumwua yeye mwenyewe, na kwamba daktari anaweza kumbadilishia taratibu kabla hajashika mimba. Akamtafutia daktari, na siku ya miadi akamsindikiza mpaka getini ili asigeuze njia. Mvua ilikuwa inanyesha.

Nilimsikiliza huku moyo ukitua, na ulipotua ukakutana na kitu kingine kilichokuwa kimesubiri chini. Kilikuwa wivu vilevile. Umegeuka upande tu.

"Kwa nini hukuniambia mimi?" nikamwuliza. "Mimi nimesomea dawa hizo hizo. Mimi ni dada yako. Nimekuogesha, nimekusuka nywele. Yeye umemjua juzi."

Alivuta uzi kwenye mkeka. "Ungemwambia mama."

"Nisingemwambia."

"Dada." Akanitazama kwa upole. "Jana ulikuwa unataka kuliambia bonde zima."

Nje bajaji ilipita inatangaza mkutano wa injili kwa kipaza sauti.

Mume wangu alirudi mchana kuniangalia kwa kile kichwa nilichosema kinauma. Akatukuta sebuleni, macho mekundu sote wawili. Alisimama mlangoni na viatu mkononi. Hakusema "umeona sasa." Hakunitazama mimi kabisa. Alimwuliza mdogo wangu, "Umeamua mwenyewe kumwambia, au umelazimika?"

"Nimeamua mwenyewe, shemeji."

"Haya." Ndipo akaingia, akaweka viatu. "Umemeza ya asubuhi?"

"Nimemeza."

Neno moja tu lingemtoa kwenye shutuma zangu zote. Pale kwenye boksi la dripu angeweza kusema "ni mdogo wako," na mimi ningemwomba msamaha na kumpakulia samaki kipande kikubwa. Alikubali nimwone mzinzi kuliko kulitamka. Najua wake wengi wangejivunia mume wa namna hiyo, na mimi mbele za watu nilijivunia. Ndani nilikuwa nauliza: mtu anayeweza kuficha hivi kwa ajili ya mdogo wangu, ananifichia nini cha wengine? Na mbaya zaidi nilijiuliza kama ningekuwa mimi ningeweza.

Lile tangazo langu sikuliweka. Nililifuta mbele ya mdogo wangu, akalishuhudia.

Tulibadilisha mambo kadhaa baada ya hapo, na hayo tuliyapanga pamoja tukiwa tumekaa kama washirika wa duka. Ukurasa tukaununulia simu yake, inayokaa dukani, na ujumbe wa faragha hujibiwa saa za kazi. Juu ya ukurasa tukaandika kwamba wafamasia tuko wawili, mwanamume na mwanamke, na mwenye swali achague anayemtaka. Nikapigwa video yangu ya kwanza, kuhusu kutunza dawa za majimaji za watoto mbali na joto. Mume wangu ndiye aliyeshika simu. Niliikodolea macho kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Watu waliitazama, si haba, na komenti ya kwanza ilikuwa: "Daktari yuko wapi leo?" Aliyeiandika aliweka kopa.

Mdogo wangu alibadilishiwa dawa polepole kama daktari alivyosema. Mimi ndiye niliyekuwa nikimsindikiza hospitali sasa, na mwavuli nilikuwa nao. Daktari alimshauri amwambie mumewe, kwa sababu mtu anayelala naye lazima ajue la kufanya akianguka. Aliogopa kwa muda mrefu. Hatimaye alimwambia wakiwa wanapura mpunga, na mumewe akasimamisha fimbo.

"Nilikuona msimu ule pale dunguni," mumewe alimwambia. "Nilikuwa natoka kuangalia nyavu. Ulipoamka ukajifuta na kuendelea na kazi, nikaona hutaki nijue. Nilikuwa nasubiri uniambie."

Mdogo wangu alinisimulia hayo akicheka na kulia, na mimi nilicheka naye. Lakini nilitambua kwamba alikuwa ameshamsimulia mume wangu kwanza. Nilijua kwa sababu nilipofika nyumbani na kuanza kusimulia, mume wangu alisikiliza kwa makini mno, akaweka mshangao mahali pake, na hakuuliza swali hata moja.

Mama naye aliambiwa mwishowe, na si mimi niliyemwambia. Alikwenda mdogo wangu mwenyewe Idete, tumbo likiwa limeshaonekana, akala kwenye sahani moja na mama bila kuomba ruhusa. Mama alitazama mkono ule ukiingia kwenye wali, kisha naye akaingiza wake. Nilikuwepo. Hilo nililiona kwa macho yangu, halikupitia kwenye simu ya mtu.

Mtoto alizaliwa wa kike, mzima, na kilio chake kikali. Nilikuwa kwenye wodi tangu alfajiri. Nilimshika mkono mdogo wangu, nilimpa maji, nilihakikisha dawa zake amepewa kwa wakati wake hata katikati ya uchungu, nikabishana na mhudumu mmoja mpaka zikaja. Alipokwisha kuoshwa na mtoto kuwekwa kifuani, alinigeukia na uso uliochoka wenye furaha.

"Dada, nipigie shemeji," akasema. "Nataka nimwambie mwenyewe."

Nikapiga. Nikamshikia simu sikioni kwa sababu mikono yake ilikuwa imejaa mtoto. Niliisikia sauti ya mume wangu ikipaza ndani ya simu kwa shangwe, na mdogo wangu akimwambia mambo ambayo nilikuwa nimeyaona yote: mtoto alivyotoka, uzito wake, vidole vyake. Aliyasimulia kama mimi sikuwepo. Nilisimama pale nimeinamisha mgongo, bega linauma, nikishikilia ile simu mpaka walipomaliza.